Venia ya Mkebe Mwekundu

Shemeji yangu Parfait aliingia dukani Alhamisi asubuhi, hakusalimia, akaweka karatasi kwenye kaunta na kuibana kwa kidole kama mtu anayeua siafu.

"Soma," akasema. "Kama ile chuo yako ilikufundisha kusoma."

Nilisoma uinjinia wa mitambo mpaka mwaka wa tatu, nikaacha. Parfait huniita Injinia Nusu, na hunitamkia hivyo hata mezani, mbele ya wageni, huku ananipa chumvi. Kuna sababu. Sisi Warundi wa Buyenzi, shemeji na shemeji ni watu wa utani: unamfichia kiatu siku ya harusi, anakuita mwizi wa kuku, maisha yanaendelea. Basi dada yangu Spéciose alipoolewa na huyu Mkongo wa Uvira, mimi utani niliushika kwa mikono miwili. Mwaka jana nilimpigia simu kwa namba asiyoijua, nikabana pua, nikaongea Kiingereza cha ofisini, nikamwambia mahojiano yake ya makaratasi ya ukimbizi yamesogezwa mbele. Awe Pretoria kesho yake saa kumi na moja alfajiri, na fomu zote, picha nane na barua ya padri.

Alienda. Alisimama foleni mpaka jua likazama. Barua ya padri alikuwa ameitafuta usiku kucha.

Ningenyamaza, yasingekuwa makubwa. Lakini stori nzuri kama ile utaifichaje? Niliisimulia kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, na pua nikabana tena, watu wakalia kwa kucheka, kumbe Parfait amesimama nyuma yangu na sahani ya wali. Tangu siku hiyo ameifungia namba yangu kwenye simu yake. Hatutaniani tena. Tunachukiana tu, kwa adabu, kwa ajili ya dada.

Nikasoma karatasi. Jiriwa ya kufunga mezani. Msumeno wa chuma na nyembe tano. Tupa bapa, tupa mviringo. Drili. Seti ya panchi za kugongea pini. Nyundo ya shaba. Spana ya kupima nguvu. Venia. Miwani ya kazi.

"Unatengeneza nini?"

"Geti."

"Geti gani linataka nyundo ya shaba? Unaliozesha?"

"Egide, toa vyombo."

"Sheria ya duka la mzee Mwadini unaijua. Mtu hatoki na chombo kabla hajasema kazi yake. Na kazi yako sio geti."

Akageuka kutazama mlango. Nje magari yalikuwa yamesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na mwanamke wa spaza, kiduka cha pili kutoka kwetu, alikuwa anapanga nyanya. Parfait akainama mpaka nikanusa kahawa mdomoni mwake.

"Bunduki," akasema. "Ya kwanza yangu. Nimeangalia kwa simu, batu banajenga mu nyumba zao. Vyuma niko navyo, iko ndani ya gunia. Kumebaki vyombo tu."

Nikacheka. Hakucheka.

"Jumanne walipita mu barabara yetu," akasema. "Wanaume kumi na tano na fimbo. Walipiga geti, wakauliza makaratasi. Miye niko wapi? Niko Sandton, niko nalinda vioo vya batu. Dada yako alijifungia kwa choo na mkasi wa kushonea. Mkasi! Miye nilikuwa Alex elfu mbili na nane, mwezi wa tano, wakati walikuwa nawinda wageni. Nilikuwa na kijiko mu mkono, nilikuwa nakula. Unajua walinikuta na kijiko?"

"Si kazini kwenu mna bunduki?"

"Inabaki kwa sefu. Asubuhi unaandika, unarudisha."

"Na ukishikwa na hiyo ya nyumbani? Makaratasi yenu kwisha, wewe na dada."

"Bora nishikwe niko hai. Unatoa vyombo, ao niende kwa Mhindi wa ng'ambo?"

Sasa hapa lazima nieleze jinsi duka letu linavyofanya kazi, maana kosa langu lilizaliwa humo.

Mzee Mwadini ni Mpemba. Ana miaka sabini, goti bovu na duka la kukodisha vyombo kwenye barabara kubwa ya hapa Kensington. Kila chombo amekigonga herufi zake, M.S., hata bisibisi ndogo. Na kitu anachokiogopa kuliko wezi ni venia. Venia ni ile rula ya chuma yenye taya mbili. Unabana kitu katikati, inakuambia upana wake mpaka unywele. Mteja akirudisha venia, mzee haangalii kutu wala uchafu. Anazifumba taya, anaiinua kwenye mwanga wa mlango, anafumba jicho moja. Taya zikishikana giza, nzuri. Zikipitisha mwanga, basi mtu ameiangusha, na mzee haitengenezi. Anaipaka rangi nyekundu na kuitupa kwenye mkebe wa maziwa ya unga chini ya kaunta.

"Venia iliyoanguka ni kama shahidi wa uongo," huwa anasema. "Yaongea vizuri kuliko ya kweli."

Ndani ya mkebe ule kulikuwa na venia nne zilizokufa. Parfait alipoenda nje kuchukua gunia la kubebea vyombo, nilitoa moja, nikaifuta rangi kwa thinna na kitambaa, nikaifunga pamoja na vyombo vingine.

Nia yangu? Nilitaka vyuma vyake visishikane. Atapima hiki, kile kitakataa. Atapima kile, hiki kitakataa. Atatukana wiki mbili, ataona bunduki sio kazi ya mlinzi, ataacha. Nilijiona nimeokoa familia nzima bila kugombana na mtu. Nilicheka peke yangu mpaka saa sita, mzee akaniuliza kama nina homa.

*

Wiki tatu baadaye, Jumapili, dada akaniita kula. Wanakaa chumba cha uani, nyumba kubwa ya mbele ni ya mama mmoja mzee. Spéciose alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na ndagala, vidagaa vya kwetu, cherehani imefunikwa shuka ili mafuta yasiirukie. Parfait akanipa kiti. Akaniongezea ugali bila kuombwa. Nikajua kuna shida.

"Injinia Nusu," akasema, "imeingia."

"Nini imeingia?"

"Kila kitu. Ilikataa, ilikataa, nikaisugua na tupa mpaka ikakubali. Venia inasema sawa, jicho inasema sawa. Wewe ulifikiri nitashindwa, sivyo? Nilikuona ile siku uko nacheka."

Nikairudisha ndagala kwenye sahani.

"Saa kumi tunaenda kule kwa vilima vya mchanga wa migodi," akaendelea. "Kujaribu. Muntu hapiti kule Jumapili."

"Wewe utapiga?"

"Miye nipige ya nini? Miye nina ya kampuni. Hii ni ya dada yako. Yeye ndiye anabaki nyumbani. Lazima ajue kuiweka kwa shavu."

Spéciose alikuwa anakusanya sahani. "Amenifundisha na fimbo ya ufagio," akasema. "Bega hapa, shavu hapa. Mkono hautetemeki tena." Akanionyesha kwa mwiko. Shavu lake aliliweka juu ya mpini wa mwiko kama mtu anayelala.

Nilisoma miaka mitatu, sio bure. Mlipuko wa risasi hauna macho. Ukipata njia ya mbele unapita mbele. Ukikuta chuma kimesuguliwa kwa tupa mpaka kikubali, unatafuta njia nyingine. Na nyuma ya chuma kulikuwa na shavu la dada yangu.

"Msiende," nikasema.

"Aah."

"Parfait, ile venia ni mbovu. Niliitoa kwenye mkebe wa mzee, zile zilizokufa. Nilifuta rangi. Kila kitu ulichopima ni uongo. Itampasukia usoni."

Akaniangalia. Halafu akacheka, kicheko kirefu, akapiga meza, bilauri zikaruka.

"Umeona, Spé? Nilikuambia! Nilisema atatafuta kitu. Hii ni Pretoria namba mbili. Na barua ya padri nilete?"

"Naapa kwa Mungu."

"Hata ile siku uliapa. Ukiwa na pua yako imefungwa."

"Dada, mwambie."

Spéciose hakucheka. Alikuwa amechoka, nikaona amechoka na mimi. "Egide, acha. Siku moja tu, acha. Unajua ni siku ngapi nalala na mkasi chini ya mto?"

"Nipe hiyo venia nikuonyeshe!"

Parfait akaweka mkono juu ya mfuko wa koti lake. "Hutaigusa. Ukiigusa utaiharibu halafu useme ilikuwa mbovu. Nakujua, weye ni nyoka. Ulete Mwadini. Yule mzee hasemi uongo. Yeye akisema ni mbovu, nitaamini. Saa kumi kamili tunawasha gari."

Saa yangu ilikuwa tisa na dakika ishirini.

*

Nilikimbia. Mzee anakaa nyuma ya duka. Mlango ulikuwa wazi, na yeye yuko juu ya mswala, ndio kwanza anaanza alasiri. Humkatishi mtu sala. Nikasimama pale kizingitini jasho linanitiririka, nahesabu rakaa kama sijawahi kuhesabu kitu maishani. Mpaka leo naamini siku ile alirefusha sijida makusudi.

Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akaniona.

"Nani kafa?"

"Bado," nikasema.

Nikamwambia. Nilianza na venia, nikitumaini nitaruka bunduki. Haikuwezekana.

"Umeitoa kwenye mkebe."

"Ndiyo, mzee."

"Umefuta rangi yangu kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Kwa kazi gani?"

"Bunduki."

Mzee akaninyanyua uso kwa kidole chini ya kidevu, akafumba jicho moja, akanitazama kama amefumba taya zangu na kuona mwanga unapita.

"Kwa vyombo vyenye jina langu," akasema. "Polisi wakizipata zile tupa, wasoma nini juu yake? Wasoma jina lako? Miaka ishirini na sita nimo mji huu, sijapandishwa gari ya polisi hata kwa lifti. Kesho usije dukani. Wala kesho kutwa. Nipe viatu."

"Mzee, saa kumi kasoro—"

"Nipe viatu, mwana wa laana!"

Hakukubali kukimbia. Hakukubali nimshike mkono. Tulipofika robot ya kona, taa ilikuwa nyekundu na barabara tupu, hakuna hata baiskeli, na mzee akasimama.

"Mzee, hakuna gari!"

"Wewe hukuwahi kuheshimu nyekundu," akasema, "ndio maana tuko hapa."

Tulipoingia uani, Toyota ya kuazima ilikuwa imeshawashwa. Spéciose amekaa mbele, amefunga kitambaa kichwani, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa shuka la maua. Parfait alikuwa anafungua geti. Alipomuona mzee, mkono ukabaki kwenye komeo.

"Shikamoo, mzee."

"Sikuitikii," akasema Mwadini. "Zima gari. Lete venia yangu."

Parfait akazima, akaitoa mfukoni. Aliitoa polepole, macho kwangu. Mzee akaipokea, akazifumba taya, akageukia jua lililokuwa linashuka juu ya ukuta, akainua mkono. Hakutumia hata sekunde mbili. Akamrudishia.

"Tazama mwenyewe."

Parfait akatazama. Nilikuwa nimesimama pembeni na hata mimi niliuona: mwanga katikati ya chuma na chuma, mwembamba kama uzi. Akaifungua, akaifumba tena, akabana kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe. Uzi ulikuwa palepale.

Spéciose akashuka, akamwachia mumewe lile shuka la maua mikononi, akamnyang'anya venia. Yeye ni fundi cherehani, jicho lake linaona mshono uliopinda toka ng'ambo ya barabara.

"Nusu milimita," akasema. "Kwenye koti hii ni kitu bure. Kwenye uso wangu je?"

Parfait akaliweka lile shuka juu ya boneti, taratibu, kama mtoto aliyelala. Halafu akanirukia. Alinishika shingo ya shati, akanigonga ukutani, mara moja, mara mbili, meno yangu yakagongana.

"Ungemuua! Mbwa weye! Dada yako! Tumbo moja!"

"Nilitaka ushindwe! Nilitaka tu ushindwe!"

"Ungeniambia!"

"Ungesikia?"

"Ungeniambia, ningekupiga, ningeenda kwa Mhindi, lakini ungeniambia!"

"Mwache," akasema Mwadini. "Mikono yake naitaka mizima, ina kazi. Jiriwa yangu iko wapi?"

Ilikuwa imefungwa kwenye meza ya mbao nyuma ya chumba, imefungwa vizuri kabisa, sikutegemea. Mzee alilifungua lile shuka mwenyewe. Sitaeleza kilichokuwa ndani. Kilikuwa kizito, kimesuguliwa kwa saburi, na kitako chake cha mbao Parfait alikuwa amekichonga kidogo mahali pa shavu, ili kimtoshe mkewe. Mahali pale ndipo niliposhindwa kuangalia. Mzee akakibana kwenye jiriwa, akanipa msumeno.

"Kata."

"Chote?"

"Mpaka nisijue kilikuwa nini."

Nikakata. Wembe wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, mkono ukaanza kuungua, malengelenge yakapasuka. Kila niliposimama kupumua, Parfait alisema "Endelea, Injinia." Hakusema Nusu. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi. Dada alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, ameshika kichwa, na kila kipande kilichoanguka alikitazama kikianguka.

Mzee akahesabu vyombo vyake vyote, akavipakia kwenye toroli la mama wa nyumba kubwa. Vipande aliviweka juu kwenye gunia lake mwenyewe.

"Hivi vyaenda kwa mtu wa vyuma chakavu, mimi nimesimama mpaka viyeyuke," akamwambia Parfait. "Na wewe nisikuone dukani hata kwa msumari." Mimi hakuniambia kitu. Alishanifukuza, na mzee harudii.

*

Toroli lilipotoka, tukabaki watatu. Ilikuwa karibu saa kumi na moja na nusu, na Parfait alitakiwa kazini saa kumi na mbili na nusu. Akavaa shati lake la ulinzi. Vifungo alivikosea, akaanza upya.

"Sasa," akasema Spéciose, akisimama kutoka kwenye ndoo. "Mmemaliza? Mmoja amenipa bunduki ya kunipasua uso, mwingine amempa rula mbovu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini. Leo usiku nabaki na nini? Na mkasi uleule?"

"Spé, nitatafuta—"

"Hutatafuta kitu. Egide hana kazi kuanzia leo, sivyo?"

"Mzee amenifukuza," nikasema.

"Vizuri. Unahamia hapa. Kila siku Parfait akienda kazini, wewe unalala pale." Akaonyesha kwa kidole mkeka nyuma ya mlango. "Unapiga kelele vizuri, una mdomo, Kizulu unakiongea kama umezaliwa Soweto. Wakija, wewe ndiye utaenda getini. Wewe ndio bunduki yangu."

Parfait akageuka, kifungo mkononi. "Huyu? Mu nyumba yangu?"

"Huyu."

"Afadhali wale wa fimbo!"

"Basi lala wewe hapa, na mimi niende Sandton nikalinde vioo."

Akarudi kwenye vifungo vyake. Mimi nilikuwa na la kusema kuhusu ule mkeka, ambao najua panya anapita, lakini viganja vyangu vilikuwa vinatoka damu na niliona sio wakati.

Parfait akanisogelea. Nikajikinga uso. Hakunipiga. Akatoa simu, akashuka na kidole gumba, akashuka, akashuka, mpaka akalipata jina langu huko chini lilikokuwa limefungiwa mwaka mzima. Aliliandika "Nyoka." Akabonyeza, akanigeuzia kioo nione.

"Nimekufungua," akasema. "Kwa kitu kimoja tu. Wakija, unapiga. Nitaacha kazi, nitakuja mbio, hata wanifukuze. Lakini sikia, Egide. Ukinipigia mara moja kwa mchezo, mara moja tu, nikafika hapa nikamkuta dada yako anashona... ile siku nyingine, ile ya kweli, sitakuja. Na hutakuwa umeniua miye."

Akapita getini, akasimamisha taksi kwa kidole kimoja juu, akaingia.

Nikakaa kwenye mkeka nyuma ya mlango. Simu ilikuwa pajani, namba yake iko wazi, na taksi haijafika hata robot ya kona. Kidole kiliniwasha kumpigia. Sio uongo, kiliniwasha. Mkono una mazoea yake.

Spéciose alikuwa anafunua cherehani. Hakunigeukia.

"Nipe hiyo simu," akasema. "Nitakurudishia wakipiga geti."

Nikampa. Akaiweka mezani, karibu na mkasi.